Nyumba Isiyoulizwa

Damu ikishapigwa deki haina tena la kusema, ndiyo maana Inspekta alikataza mtu yeyote asiiguse sakafu ya nyumba ile. Sasa ilikuwa siku ya pili, nzi walikwishafika, na sakafu ilikuwa imemaliza maneno yake: mwanamke mmoja alisimama hapa, akarudi nyuma hatua tatu, akaanguka karibu na meza. Komeo la mlango wa mbele lilikuwa limeng'oka pamoja na skrubu zake. Teke moja, labda mawili. Basi.

Aliyeanguka ni Karani. Ndivyo wenzake walivyomwita, kwa kuwa katika chama cha wanawake wa machimbo ya kokoto yeye ndiye aliyekuwa mwandishi. Lakini hakuwa yeye aliyetafutwa. Aliyetafutwa ni mwenyekiti wake, Mama Kokoto, mwanamke aliyegonga mawe kwa nyundo miaka kumi na minane kisha akaona bora awagonge wenye machimbo. Alikusanya maelezo ya wanawake waliolazimishwa kulala na manyapara ili wapate zamu, akayapeleka mahakamani. Wiki hiyo hiyo mbwa wake akakutwa mlangoni amechinjwa, na chini yake kipande cha karatasi: *Wewe ni wa pili.* Polisi wakamficha katika nyumba hii, yeye na Karani. Wiki mbili zikapita salama. Juzi, saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi, watu wawili wakaruka geti. Mama Kokoto alikuwa uani anaanika nguo. Karani alikuwa ndani, amejifunga kilemba cha mwenzake.

Kesho saa tatu Mama Kokoto alitakiwa kizimbani kutoa ushahidi. Hakimu alikwishaahirisha mara mbili, na alisema ya tatu anaifuta kesi. Na Mama Kokoto alikwishamwambia Inspekta, bila kupepesa macho, "Siendi popote mpaka nimjue aliyeniuza. Wenzangu watasimamaje nyuma yangu na kila mmoja anamnusa mwenzake?"

"Waliojua nyumba hii ni wangapi?" Inspekta aliuliza, ingawa alijua.

"Watano, Afande," alijibu Koplo. "Wewe, mimi, Mkuu wa kituo, konstebo wa doria, na yule wifi yake Mama Kokoto aliyekuwa akileta chakula. Na Mkuu ameshamweka ndani wifi."

"Mkuu ana haraka ya kufunga faili kama mtu mwenye choo kimoja na wageni kumi."

Wakatoka nje. Geti lilikuwa fupi, la chuma, rangi imebabuka. Kufuli, kadi ndani ya mfuko wa plastiki, kengele isiyolia. Inspekta alilipita, akavuka barabara hadi kwa fundi viatu aliyeketi chini ya bati lake, karibu mkabala na nyumba.

"Habari za kazi, fundi?"

"Kazi ipo, mama. Kiatu chako cha kushoto kinacheka. Kivue nikizibe mdomo."

"Kiache. Angalau mmoja mtaani humu acheke. Nieleze habari za watu wa pikipiki."

"Nimeshawaeleza askari wako."

"Yaeleze na masikio yangu."

Fundi akaweka sindano chini. "Wawili. Vizibao vya njano kama watu wa maji. Kofia za pikipiki hawakuvua."

"Walikuuliza nini?"

"Hawakuniuliza."

"Walimuuliza nani?"

"Hakuna. Na hilo ndilo lililoniudhi, mama. Hapa nina miaka tisa. Kazi yangu ya kwanza ni viatu, ya pili ni kuelekeza waliopotea. Mwenye barua, mwenye posa, mwenye ugomvi wake, wote huanzia kwangu. Hawa walipita polepole. Geti la kwanza wakatazama, la pili wakatazama. Walipofika lile, mmoja akashuka, akainama pale kama mtu anayesoma. Wakaondoka."

"Hiyo ni siku ya mauaji?"

"Hapana, siku iliyotangulia. Siku yenyewe walikuja moja kwa moja kama wanarudi kwao."

Inspekta aliandika, akapiga mstari chini. "Siku iliyotangulia, saa ngapi?"

"Mara tu gari lenu lilipoondoka."

"Gari letu?"

"La polisi. Mama, mwaka juzi hapa tuliibiwa nyumba nne siku moja. Polisi walikuja siku ya sita, wakauliza njia ya kwenda mtaa mwingine. Halafu ghafla, wiki mbili hizi, kila siku saa tatu gari linapita. Tukasema labda amehamia waziri."

Koplo akacheka. Inspekta hakucheka.

"Anayeijua nyumba hatembei akitazama mageti," alimwambia Koplo wakirudi garini. "Kama wifi aliwauzia nyumba, aliwauzia ipi, wakati hata hawakujua ni ya ngapi?"

"Labda aliwatajia mtaa tu, Afande."

"Labda. Twende tukamsikie."

*

Wifi alikuwa mwembamba, mikono imepasuka kwa mawe, macho yamevimba lakini makavu. Alivuta kiti kabla ya kukaribishwa.

"Mimi nimeshahukumiwa," alisema. "Niulizeni haraka nikakae."

"Wiki hii ulimpigia nyapara mkuu wa machimbo simu mara tatu," alisema Inspekta.

"Nne. Ya kwanza hakupokea."

Koplo akainua kichwa. Inspekta akageuza karatasi ya orodha ya simu, akahesabu, akairudisha.

"Mliongea nini?"

"Binti yangu." Akauliza, "Una mtoto wa kike, Afande?"

"Maswali ni yangu."

"Basi unaye. Asiye naye angesema sina. Wangu ana miaka kumi na saba. Nyapara alimwambia zamu akazichukulie nyumbani kwake. Nikampigia, nikamwomba. Nikampigia tena, nikamtukana. Nikaona matusi hayafui dafu, mara ya tatu nikamwomba tena."

"Na yeye akataka nini?"

"Akataka nimwambie wifi yangu yuko wapi."

Kalamu ya Koplo ikasimama.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia kaolewa mbali. Akacheka sana. Wifi yangu na miaka yake hamsini na minne!" Akarudisha kiti nyuma kidogo. "Binti nikamtorosha kwa mama mkubwa wake. Mkitaka mpigieni mumuulize."

"Tutampigia. Chakula ulikuwa ukipeleka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya zamu."

"Geti lina rangi gani?"

"Geti lipi?"

"La ile nyumba."

"Kwani ile nyumba ina geti?"

Wifi akamtazama Inspekta kama anavyotazamwa mtu aliyesahau jina la mwanawe.

"Si wewe mwenyewe uliyenionyesha njia? Nipite kichochoroni, nyuma ya tanuri la matofali, nigonge dirisha la jikoni kwa kidole, nipitishe sufuria, niende zangu. Nikachungulie mbele kutafuta nini? Kwangu mimi nyumba ile ni dirisha."

Inspekta alimsukumia karatasi na kalamu. "Ichore."

Wifi alichora kama mtoto wa darasa la kwanza. Tanuri, kichochoro, pipa la maji, dirisha lenye nondo iliyopinda, nguo kambani. Alipoambiwa aonyeshe barabara kubwa iko upande gani, alifikiri, akaiweka upande usio wake. Mlango wa mbele aliutia pale palipokuwa na ukuta wa jirani.

Walipotoka koridoni Koplo akanong'ona, "Anaweza kuwa anaigiza."

"Mwongo huchora zaidi, hachori pungufu. Na nondo ile kweli imepinda, mimi niliona jana. Mpigie mama mkubwa. Kisha niletee picha za mtaa mzima."

*

Picha zilikuwa kumi na mbili, geti moja kila picha. Inspekta alizipanga mezani safu mbili. Alizitazama yeye, akazitazama Koplo, aliyekwisha kurudi na habari kwamba binti yupo kwa mama mkubwa, analia, na maneno yake ni yale yale ya mama yake.

"Wamesoma kitu," alisema Inspekta. "Mtu haanzi kusoma mageti bila kujua anatafuta maandishi gani. Unaona tofauti?"

"Sioni, Afande. Geti ni geti."

"Na mimi sioni."

Mama mfagizi alikuwa mlangoni na ndoo yake, anasubiri wamalize ili abishane na vumbi.

"Mama, njoo," Inspekta akamwita. "Katika nyumba hizi, ipi ina kitu ambacho wenzake hawana?"

Mama mfagizi alijifuta mkono, akainama, na hata muda wa kukohoa haukupita. "Si hii hapa. Hii ina karatasi."

Kidole chake cha majimaji kilitua juu ya kadi ndani ya mfuko wa plastiki.

Kadi ya doria. Kila askari huijua: karatasi ngumu yenye mistari, tarehe, saa, sahihi. Hutundikwa penye lindo ili askari athibitishe kuwa amefika, maana bila kadi askari husaini kila kitu akiwa kwenye kibanda cha chai. Iko benki, iko kituo cha mafuta, iko nyumbani kwa hakimu. Koplo alikuwa ameiona maelfu ya mara. Inspekta vilevile. Jicho lao lilikwisha kuacha kuihesabu, kama mtu asivyohesabu pua yake.

"Asante, mama," alisema Inspekta, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Koplo, nenda kaifungue pale getini. Vaa glavu. Na niitie konstebo wa doria."

Konstebo alikuwa mtu mzima, amebakiza miaka miwili astaafu, na shati lake lilikuwa na mikunjo ya pasi kama ya bwana harusi. Alisimama wima.

"Nilisaini kila siku, Afande. Sikukosa hata moja."

"Ndivyo ninavyoogopa. Kwa nini kadi ilikuwa getini?"

"Amri yako, Afande."

"Niambie amri yangu."

"Uliniambia nisiondoke pale bila kusaini. Na wale akina mama uliwaambia wasimfungulie mtu yeyote, hata askari mwenye sare. Siku ya kwanza nilibisha hodi, wakakataa kufungua, nikawasifu moyoni. Sasa nitasaini wapi? Nikaitundika getini. Kama benki."

"Kama benki," Inspekta alirudia.

"Na kama ghala la baruti kule machimboni. Lile nalisaini saa mbili na nusu, kisha moja kwa moja kwa akina mama."

Koplo alikuwa amerudi na kadi katika bahasha, akasimama mlangoni asijue aingie au atoke.

"Ghala la machimbo hayo hayo," alisema Inspekta polepole. "Unaposaini pale, nani yupo?"

"Nyapara mkuu, Afande. Yeye ndiye mwenye funguo. Hunisindikiza hadi kwenye gari. Mtu wa heshima sana." Akasita. Uso wake ulianza kuelewa kabla yake. "Siku iliyotangulia aliniuliza, mbona siku hizi hukai kunywa chai? Nikamwambia nina lindo jipya. Sikumwambia wapi! Haki ya Mungu sikumwambia wapi."

"Hukuhitaji kumwambia. Gari lako lina taa juu na maandishi ubavuni. Pikipiki ikakufuata hadi mtaani, ikasubiri uondoke, ikatafuta kadi kama ile ya ghalani. Walipoipata wakasoma saa zako: saa tatu, saa tatu na dakika tano, saa tatu. Wakajua kwamba ikifika saa tatu na nusu, hakuna polisi mpaka kesho yake."

Konstebo akaketi bila kuruhusiwa. Hakuna aliyemkemea.

"Siku ya mauaji ulipokuja kusaini," Inspekta aliendelea, "kadi ilikuwaje?"

"Ilikuwa imerudishwa kinyume. Maandishi yanatazama ndani. Nikadhani upepo." Akainua gumba lake. "Na ilikuwa chafu. Kidole kizima, gumba, cha grisi na vumbi la mawe. Niliudhika, Afande, mimi huiweka safi. Sikuifuta kwa sababu nilikuwa nachelewa."

Inspekta alichukua bahasha, akaiinua dirishani. Chini ya safu ya sahihi nadhifu, alama ya gumba ilionekana wazi, kijivu, mistari yote imetimia. Na juu kabisa ya kadi, penye neno *Aliyeamuru*, ilikuwepo sahihi yake mwenyewe.

"Iandike kwenye daftari la vielelezo," alimwambia Koplo. "Kisha ipeleke mwenyewe kwa watu wa alama za vidole. Usimpe mtu. Usinywe chai."

*

Mkuu wa kituo alisikiliza hadi mwisho akiwa anazungusha kikombe. Alikuwa mtu wa kutoa ushauri kwa sauti ya upole, hasa ushauri mbaya.

"Unajua wakili wao atakufanya nini kwa karatasi hiyo?"

"Najua."

"Atauliza nani aliwaonyesha wauaji nyumba. Utamjibu ni polisi. Atauliza sahihi ya nani."

"Yangu."

"Miaka ishirini na mbili kazini, dada yangu. Una watoto shuleni. Na yule wifi ana simu tatu na nyapara, faili limekaa vizuri. Kadi ni karatasi tu. Karatasi hupotea."

"Simu ni nne," alisema Inspekta. "Na gumba liko kwenye karatasi hiyo. Ikipotea, muuaji naye amepotea."

"Muuaji tutamtafutia njia nyingine."

"Ipi?"

Mkuu akazungusha tena kikombe. Akanywa chai yake. "Fikiri kwanza. Ilete hapa tuitunze."

"Imeshakwenda maabara. Na iko kwenye daftari, kwa wino."

Kikombe kikatua mezani. "Nani aliruhusu?"

"Aliyeamuru ni yule yule," alisema Inspekta, akatoka.

Mama Kokoto walikuwa wamemweka katika mahabusu ya wanawake, mlango wazi, kwa kuwa mahali pengine pa kumficha hapakuwepo. Alikuwa ameketi juu ya godoro, mgongo ukutani, bado na vibanio vya nguo mfukoni mwa gauni tangu juzi.

"Umempata?"

"Nimempata. Wifi yako hana kosa. Nyapara alimtega kupitia kwa binti yake, naye wifi akamdanganya kwamba umeolewa mbali."

Kitu kama tabasamu kikapita usoni kwa Mama Kokoto, kisha kikatoweka. "Nani, basi?"

Inspekta alichuchumaa ili macho yao yalingane. Akamweleza yote, bila kupunguza: amri ya kwanza, amri ya pili, kadi, gari, gumba. Hakutumia neno *bahati mbaya*.

"Angekuwa wifi yangu," alisema Mama Kokoto mwishowe, "ningejua pa kutema mate. Ungekuwa umekula rushwa, pia ningejua. Mla rushwa namjua, nimeishi naye. Wewe ulitulinda. Sasa mlinzi nimfanye nini?"

"Sijui."

"Na kesho ukisimama huko utalisema hili?"

"Nitalisema."

"Kesho ni mbali." Akanyoosha kidole kuelekea kaunta. "Mama yake Karani yuko pale tangu saa moja, anasubiri barua ya kuchukulia maiti. Askari wako wamemwambia mwanawe kauzwa na wifi yangu. Kama unasema kweli, kamwambie. Usimtume Koplo. Ukimwambia wewe, kesho saa tatu nitakuwa kizimbani na wenzangu wote nyuma yangu. Ukishindwa mbele ya bibi kizee mmoja, basi hata mimi sina cha kumwambia hakimu."

Bibi alikuwa kwenye benchi, peke yake, barua haijaja. Miguu yake haikufika chini vizuri. Kaunta ilikuwa na askari watatu na watu kama kumi waliokuja na shida zao, na mlango wa Mkuu ulikuwa wazi. Inspekta akaketi karibu naye, akamshika mkono, akaanza kusema kwa sauti ya chini.

Bibi akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Paza sauti, mwanangu. Baruti za machimbo zilikula masikio yangu. Sikusikii."

Akapaza kidogo. Bibi akatikisa kichwa. "Bado."

Inspekta akasimama. Akashusha pumzi, akasema kama anavyosema mtu uwanjani. "Mama! Mwanao hakuuzwa na mwenzake! Ni mimi niliyeweka kadi ya polisi pale alipojificha! Wauaji wakaifuata kadi! Wifi hana kosa! Amri ilikuwa yangu!"

Askari mmoja alibaki na muhuri hewani. Mlango wa Mkuu ukafungwa taratibu.

Bibi alikuwa akiutazama mdomo wa Inspekta hadi neno la mwisho. Kisha akateremka kwenye benchi, akaikusanya nguo yake.

"Hilo nimelisikia," alisema. "Basi mfungulieni yule mwanamke mliyemfunga. Kuna maiti ya kuosha, na peke yangu siwezi kumgeuza."